Kiti Kinachozunguka

Alikuja Ijumaa baada ya sala, nimeshafungua tena duka,
fimbo mkono wa kulia, mjukuu mkono wa kushoto.
Mwanawe ni injinia wa bandari kule Kililana;
yeye ni mgeni tu, wa wiki mbili, mwenye viatu vya kitambaa.
Msichana, Wenjing, alikuwa na Kiswahili cha darasani,
kimepigwa pasi, hakina kunjo:
"Babu yangu anaomba kunyolewa. Nywele zote."

Nikamwambia, ndoo, keti.
Mimi Lali Shekuwe, miaka thelathini hapa Langoni,
vichwa nimeshika vya makadhi na vya wezi,
nalijua kovu la kuanguka mnazini na kovu la rungu.
Hili la nyuma ya sikio sikulijua.
Laini, kama nta iliyomwagika ikaganda.

"Moto," akasema Wenjing. "Ndani ya ndege.
Alikuwa na miaka kumi na tisa."

Ndipo nilipojua ninanyoa jenerali.

Baba yake aliuza siki kwa mtungi, mlima hadi mlima.
Wakaja wanajeshi wakitafuta vijana,
wakawakalisha mmoja mmoja katika kiti kama hiki changu,
wakakizungusha mpaka dunia ikawa uji.
Wenzake walitapika. Yeye alisimama
akauliza chakula ni saa ngapi.
Basi akawa rubani,
mtu ambaye hajapanda hata baiskeli.

Wembe ukashuka utosini.
Alipigana juu ya mto wenye barafu, nchi ya jirani,
yeye mbele, Hongsheng ubavuni, wa kumlinda.
Zikatoka ndege mbili, ikarudi moja.
Nishani akapewa aliyerudi.
Hapo mzee alisema neno fupi.
Msichana hakulitafsiri, nami sikuuliza.

Kisha siasa ikageuza uso.
Wakambandua vyeo mabegani, nyuzi zikabaki zinaning'inia,
miaka sita akalisha nguruwe.
(Nilisita na wembe hapo, nakiri.
Nikajiambia, haya, alilazimishwa.)
Ndege zikipita juu ya zizi hakuinua kichwa.
Alihesabu kwa sikio: mbili, nne,
moja imebaki nyuma.

Wakamrudisha. Wakamshonea nyota.
Wakampa meza pana kama samadari
na kazi ya kuwaandikia wajane.
Barua mia na kumi na saba. Idadi anaikumbuka;
mwaka aliostaafu, hapana.

Ndege ya mchana ikawa inashuka Manda.
Hakufumbua macho.
Akanong'ona kitu, Wenjing akacheka kidogo:
"Anasema injini ya kushoto ina kikohozi."
Jumamosi nikasikia kwa wapagazi wa gati
kwamba ndege haikuondoka, abiria wamelala mjini.
Injini ya upande gani, hakuna aliyejua.
Sikudadisi sana. Nilipenda kubaki na yangu.

Nilipomfuta povu alijitazama kiooni kwa muda,
kama mtu anayesoma barua isiyo yake.
Akagonga mkono wa kiti, mara mbili.
"Zungusha," akasema Wenjing. "Anaomba. Usiogope."

Nikazungusha, polepole. Akatikisa kichwa: bado.
Nikatia nguvu.
Shuka likajaa upepo, fimbo ikaanguka,
watoto wa chuoni wakajaa mlangoni na mbao zao,
na mtu wa miaka themanini na sita akanyoosha mikono
huku na huku, macho amefumba,
midomo ikitaja jina lile la mto wa barafu.

Kiti kiliposimama alisimama naye. Hakuyumba.
Akauliza jambo.
"Anauliza," Wenjing akasema, naye anacheka na kufuta machozi,
"chakula ni saa ngapi."

Nikawapeleka kwa Bi Rukiya, mikate ya mofa na maharagwe ya nazi.
Pesa ya kunyoa niliikataa;
niliikuta jioni chini ya sabuni.

Tangu siku ile kiti changu kinalia kikigeuka,
upande wa kushoto.
Mafuta nimetia.